Taa za Gari Zikishika Ukungu: Ushauri kwa Madereva wa Garissa na Kaskazini Mashariki

Mvua za Deyr zikishaanza, mwezi wa Oktoba au Novemba, mafundi wa Garissa huletewa lalamiko moja na madereva wa kila namna, kuanzia wenye Probox za kwenda Madogo hadi wenye malori ya kupeleka mizigo Dadaab: taa za mbele zimeshika ukungu kwa ndani. Unapangusa kioo kwa kitambaa na ukungu hauondoki, maana uko upande wa pili. Wengi huliona jambo hili dogo, wakalala nalo mpaka msimu upite. Nawasihi wasifanye hivyo, hasa wanaosafiri alfajiri au magharibi.

Barabara zetu zina giza, na mnyama anayezikatiza mara nyingi ni ngamia. Ngamia ni mrefu. Gari dogo likiwasha dimu, mwanga humpata miguuni tu, na miguu yenyewe ina rangi ya mchanga ule ule wa kando ya barabara. Macho yake, ambayo yangemeta na kukushtua mapema, yamebaki juu ya mwanga. Ukienda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Taa yenye ukungu huutawanya mwanga, ukapungua kule mbele unakohitajika na ukaenda kumpiga machoni dereva anayekuja. Yaani wewe huoni vizuri, na mwenzako umempofusha.

Kabla ya kutafuta dawa, jua kwanza kama kuna ugonjwa. Si kila ukungu ni kasoro. Ukungu mwembamba unaokaa pembeni au juu ya kioo asubuhi, ukaondoka wenyewe baada ya kuwasha taa na kuendesha kwa muda, ni wa kawaida hata kwenye gari jipya. Lakini ukiona matone yanayoteleza, au maji yametuama chini ya taa yakicheza gari linapopiga tuta, au ukungu wa taa moja tu huku mwenzake ni kavu, hapo maji yanaingia mahali. Dalili hii ya mwisho naiamini kuliko zote, kwa sababu taa zote mbili zimelala kwenye hewa moja na kunyeshewa mvua moja. Ikiwa moja ina maji na nyingine haina, usilaumu hali ya hewa.

Wenye taa za LED wavumilie kidogo zaidi. Balbu ya halojeni hutoa joto jingi mbele, nalo hukausha kioo. LED hutoa mwanga mkali lakini joto lake liko nyuma, kwenye kitako chake, hivyo ukungu ule ule wa kawaida hukawia kuondoka.

Sasa, kwa nini hewa yenye mvuke iwemo ndani ya taa iliyofungwa? Kwa sababu haikufungwa, na haitakiwi kufungwa kabisa. Ukizunguka nyuma ya taa utakuta vijitundu vya hewa, vingine vimefunikwa kwa kofia ndogo ya mpira, vingine vina kibomba kilichopinda kuelekea chini, na kwenye magari mapya kuna kipande chembamba kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Balbu ya wati 55 ikiwaka, hewa ya ndani inapata moto. Ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 80, hutanuka kwa karibu sehemu moja ya sita, na ziada hiyo lazima ipate njia ya kutoka. Ukizima taa, hewa inapoa, inasinyaa, na taa inavuta nyingine kutoka nje. Kazi hii inafanyika kila siku. Taa isingekuwa na mahali pa kupumulia, hewa hiyo ingelazimisha njia kwenye maungio ya kioo na kuyaachanisha.

Kwetu kuna jambo jingine la kujua. Garissa iko karibu mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,700. Gari linaposhuka kutoka Nairobi kupita Thika, Matuu na Mwingi hadi daraja la Tana, hewa ya nje inazidi kuwa nzito, na taa huvuta ndani kiasi kama kile kile nilichokitaja, hata kama haikuwashwa safari nzima. Kama kipumulio ni kizima, inavuta hewa. Kama mpira unaofunika nyuma ya taa haupo, inavuta vumbi. Safari ya kupanda nayo ina lake. Hewa ya Garissa ina joto na mvuke mwingi. Gari likilala nayo Eastleigh usiku wa Julai, wakati baridi ya Nairobi inafika nyuzi 11 au 12, linaweza kuamka likiwa na umande ndani ya taa. Ukiamka ukiukuta, usikimbilie gereji. Endesha, na ufikapo Thika uangalie tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: acha taa ipumue pale ilipokusudiwa kupumulia, na uzibe pale pasipokusudiwa. Nyingi ya dawa zinazouzwa mitaani hufanya kinyume, na hizo nitazirudia.

Anza na mpira wa nyuma. Fungua boneti, tazama nyuma ya kila taa. Kwenye taa inayotumia balbu ya H4, ambayo ndiyo iko kwenye magari mengi ya kazi hapa, utaona mpira wa duara umevalishwa kuzunguka plagi ya pini tatu. Mpira huo una kazi mbili, kuzuia maji na kuzuia vumbi, na ndio unaopotea kuliko kifaa kingine chochote cha taa. Fundi anabadilisha balbu usiku, ana haraka, abiria wananung'unika. Anauvua mpira, anauweka juu ya betri, anarudisha plagi bila mpira. Taa inawaka, kila mtu anafurahi, na mpira unadondoka njiani. Kwa taa nyingine kifuniko ni cha plastiki cha kuzungusha, nacho hupotea vivyo hivyo. Miezi inapita. Vumbi la Fafi na Ijara linaingia kidogo kidogo na kutanda juu ya rifleta, ile sahani ya rangi ya fedha inayorudisha mwanga. Siku ya mvua ya kwanza mvuke unaligeuza vumbi hilo kuwa tope. Mwenye gari anasema taa imeharibiwa na mvua, ilhali iliharibiwa siku ile mpira ulipoachwa.

Kama mpira upo, uguse. Joto la injini pamoja na jua letu huukausha, ukawa mgumu na kupasuka ukingoni. Mpira mzuri hukunjika na kurudi. Unapouvalisha, pitisha kidole mzingo mzima uhakikishe ukingo umekaa kwenye mfereji wake, na pale palipoandikwa neno la kuonyesha juu, pawe juu kweli. Ukiuvalisha kichwa chini, tundu lake la kutolea maji linaelekea mbinguni. Huu ni ukaguzi wa dakika chache usiohitaji spana, na naamini unamaliza sehemu kubwa ya matatizo haya. Mpira mpya si kitu cha gharama, nunua miwili.

Kisha angalia vipumulio. Vumbi likichanganyika na mafuta ya injini huziba vile vibomba kama udongo uliokauka. Vitoe, vioshe kwa maji na sabuni, vikauke, virudishe vikielekea chini. Usivipulizie kwa mashine ya upepo vikiwa bado kwenye taa, maana utakuwa unalisukuma vumbi ndani. Buibui pia hupenda kujenga humo.

Kuna desturi moja ambayo nataka kuisemea kwa uchungu kidogo. Barabara zina giza, basi dereva anaweka balbu za wati 90 na 100 mahali pa balbu ya kawaida ya H4 yenye wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Kwa wiki chache anaona mbali. Lakini joto lile la ziada huiunguza plagi, huupika mpira mpaka upasuke, huivimbisha rifleta, na hulegeza gundi inayoshika kioo. Wengine huweka balbu za LED zenye feni nyuma. Feni haitoshei ndani ya mpira, fundi anaukata mpira kwa kisu, na kuanzia hapo taa iko wazi kwa kila dhoruba ya vumbi. Kwa maoni yangu, taa kavu na safi yenye balbu ya kawaida, iliyoelekezwa vizuri, humwonyesha dereva zaidi kuliko wati 100 ndani ya kioo chenye tope. Anayetaka mwanga zaidi afunge taa za ziada mbele ya bampa, zenye waya, fyuzi na swichi yake, asizitese zile za asili.

Ukishajua maji yalipoingilia, au hata kabla ya kujua, yaliyomo lazima yatoke. Hapa tumebarikiwa kuliko watu wa Limuru, maana jua tunalo. Ng'oa taa; kwa magari mengi ni boliti tatu au nne, ingawa mengine yatakulazimisha kufungua bampa. Toa balbu zote, ukishika zile za halojeni kwenye kitako tu wala si kwenye kioo chake, kwa kuwa mafuta ya vidole huacha doa linalopata moto kupita kiasi na kuipasua balbu. Geuza taa mpaka maji yaliyotuama yamwagike. Halafu ilaze kwenye jua, kioo kikitazama chini juu ya kitambaa safi, matundu ya nyuma yakitazama juu na yamefunikwa kwa leso nyepesi ili mvuke utoke na vumbi lisiingie. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri siku kavu, kazi itakuwa imekwisha. Usiilaze ikilitazama jua: rifleta imetengenezwa kukusanya mwanga, na jua likiingia kwa mbele hukusanywa mahali pamoja, likayeyusha plastiki ya ndani. Usiikaushe kwenye jiko la makaa wala kwa moto wa gesi. Na usiingize kitambaa kuifuta rifleta. Ile rangi ya fedha ni utando mwembamba mno wa alumini. Ukiusugua mara moja umetoka, na hakuna wa kuurudisha mjini.

Waliochota maji ya visima vya Wajir wanajua chumvi yake. Maji ya namna hiyo yakikauka ndani ya taa huacha madoa meupe kwenye kioo. Dawa ni kusuuza kwa maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya kujazia betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo huwekwa asidi ya betri, na ukiikosea itakuunguza wewe na taa. Mimina kidogo kupitia tundu la balbu, tikisa taratibu, mwaga, rudia mpaka yatoke safi, kisha rudisha taa juani.

Vile vijipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba hunyonya kweli, lakini kwa muda tu. Vikishajaa havifanyi kitu, na kimoja kikidondoka kwenye balbu yenye moto kitayeyuka. Sivishauri kubaki ndani ya taa.

Nimeahidi kurudi kwenye dawa za mitaani. Ya kwanza ni kutoboa. Utamsikia dereva akisema, "Fundi, taa imejaa maji," na fundi kwa roho nzuri anajibu, "Lete nikutobolee hapo chini, dere, yatamwagika yenyewe." Maji humwagika kweli. Katika mji wenye lami kila mahali huenda tundu hilo lingevumilika. Hapa, tundu lisilo na kichungi ni mlango wa vumbi wa kudumu, na ukivuka laga, yaani mto wa msimu, maji yataingia kwa tundu lile lile. Kama limekwisha kutobolewa, lizibe, kisha ushughulikie vipumulio vya asili.

Ya pili ni silikoni iliyopakwa taa nzima. Fundi anazungushia mkanda mnene, na kwa kutaka kuwa mwangalifu anaziba hata vipumulio. Taa hiyo itashika ukungu zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani hauna pa kutokea. Halafu kuna aina ya silikoni. Ile ya bei ndogo, inayonuka siki inapokauka, hutoa mvuke wa asidi, na mvuke huo hula alumini ya rifleta na kutia kutu kwenye pini za balbu. Inusie kabla ya kununua kama duka limefungua moja. Ikinuka siki, iache kwa ajili ya kazi nyingine. Tafuta isiyo na harufu hiyo, au ile gundi nyeusi laini ya utepe inayofanana na iliyotumika kiwandani.

Kuziba kwenyewe kufanywe pale penye uvujaji tu. Ili kupajua, fanya afanyavyo fundi wa pancha. Taa ikiwa kavu, ziba matundu ya balbu kwa plastiki na utepe, ziba vipumulio vyote isipokuwa kimoja, paka povu la sabuni kwenye maungio ya kioo na plastiki, kisha pulizia kwa mdomo taratibu kupitia kipumulio kilichobaki. Mdomo unatosha, mashine ya upepo wa tairi itaitenganisha taa. Povu litavimba pale hewa inapotokea. Mara nyingi ni kwenye kona ya chini, au pale ambapo gari liliwahi kugongwa kidogo na sikio la taa likavunjika. Weka alama, suuza, kausha, safisha sehemu hiyo kwa spiriti, ndipo upake gundi. Iache usiku kucha kabla ya kuirudisha garini. Ufa wa jiwe kwenye kioo unaweza kushikiliwa kwa utepe mwangavu hadi mwisho wa msimu. Lakini kioo kilichoachana na mwili wake nusu ya mzingo kinataka mtu mwenye kipulizia hewa moto na mkono mwepesi. Kama fundi wako hajawahi kufungua taa ya namna hiyo, asijifunzie kwenye yako.

Kuhusu laga niseme wazi. Laga inayoshuka maji haivukwi, iwe una Land Cruiser au lori la tani kumi. Tuliona Novemba 2023 Tana ilipofurika na barabara ya upande wa Madogo ikakatika, na tukaona tena Aprili 2024. Ninalosema hapa ni la yale maji ya magotini yaliyobaki mvua ikishatulia. Gari limekuja mbio, taa zinawaka, zina moto. Ukiingia majini papo hapo, taa inapozwa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na vipumulio vikifikiwa na maji, inavuta maji badala ya hewa. Hata taa nzima kabisa inaweza kuingiza maji kwa njia hii. Simama, zima taa, subiri robo saa hivi huku ukikagua njia mchana kweupe, ndipo uvuke polepole. Kanuni hiyo hiyo inakuhusu unapofika kuosha gari. Vijana wa mashine za maji ya kasi huanza na mbele, penye wadudu na tope, gari likiwa limetoka safari sasa hivi. Waambie waanze nyuma, na wakifika mbele wasiusogeze mdomo wa mashine karibu na maungio ya taa.

Ikiwa taa imekwisha, rifleta imeng'oka au imekuwa ya kahawia, usipoteze fedha kuikausha. Nunua nyingine, na wakati wa kununua taa iliyotumika shika mambo matatu: vifuniko vya nyuma viwepo vyote, masikio ya kufungia yasiwe yamegundishwa, na ndani kusiwe na mstari wa tope unaoonyesha kwamba iliwahi kulala kwenye maji. La nne ni la sisi wa mipakani. Kenya na Japani huendesha kushoto; Somalia na Ethiopia huendesha kulia. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kulia huinua mwanga wake upande wa kulia, na ikifungwa kwenye gari la hapa itamulika moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Kabla ya kulipa, omba iunganishwe kwenye betri na imulike ukuta ulio umbali wa hatua tano au sita, kwenye kivuli. Washa dimu. Mstari wa juu wa mwanga unatakiwa kulala sawa upande wa kulia na kupanda kidogo upande wa kushoto. Ukipanda kulia, mrudishie mwenye duka.